Mjadala wa Foleni ya Kinu

Jumamosi asubuhi foleni ya kinu cha kusaga pale Cheptiret huanza kabla malori ya kwenda Malaba hayajazima taa. Watu huja na ndoo, na magunia yaliyojaa nusu, na mjukuu wa kusaidia kubeba. Mashine inanguruma, kwa hiyo kila mtu hupaza sauti, na jambo la chumbani husemwa kwa sauti ya mnadani. Ndiyo maana nimeuweka mjadala huu hapo. Sauti nimezipanga mwenyewe na majina sikuyatia. Hoja ni zile unazoweza kuzisikia siku yoyote kati ya soko la Cheptiret na njia ya kwenda Chuo Kikuu cha Moi.

Waliosimama ni hawa. Kogo, yaani bibi, ana mfuko wa wimbi. Sista ni muuguzi aliye siku ya mapumziko. Mwalimu ni mwanamke wa shule ya msingi ya jirani. Fundi ndiye mwenye kinu. Na Kijana ana ekari tatu na pikipiki moja ya boda. Koito yake imekwisha na harusi ni Desemba. Koito, kwa msomaji asiye wa huku, ni kikao cha wazee wa pande mbili cha kupatana mahari.

SISTA: Nasikia Desemba tunakula wali. Mmejiandaa?

KIJANA: Tumejiandaa, Sista. Tenti tumelipia, kamati imekaa mara tatu, ng'ombe wa kuchinja wapo.

SISTA: Sijauliza tenti. Mkishaoana, mtoto mnamtaka lini?

KIJANA: Mungu akipenda, mwaka hauishi.

SISTA: Basi narudia swali langu. Mmejiandaa?

KOGO: Sista, maneno gani hayo mbele ya watu? Kwetu mimba ilikuwa haisemwi hata tumbo likionekana. Sasa wewe unaisema kabla haijaingia! Unamwitia macho ya watu huyu mtoto wa kesho.

SISTA: Kogo, siri yako naiheshimu, lakini ndiyo inayoniumiza kazini. Mama anaficha mpaka mwezi wa nne, wa tano, ndipo anakuja kliniki. Nampima presha, nampa kijitabu cha mama na mtoto, nampa vile vidonge vya kuongeza damu: vina madini ya chuma, na vina asidi ya foliki. Vinamsaidia, sikatai. Lakini kazi moja kubwa ya hiyo foliki imekwisha pita. Mtoto akiwa tumboni, mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutunga. Hesabu wewe: siku hiyo hedhi imechelewa wiki mbili tu. Mama anadhani ni uchovu wa palizi. Mfereji usipojifunga upande wa chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Usipojifunga upande wa juu, mtoto haishi.

FUNDI: Kwa hiyo mnapomwandikisha kliniki...

SISTA: Tumechelewa miezi mitatu. Foliki mikrogramu 400 kwa siku inatakiwa iwe mwilini angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, na ikiwa miezi mitatu ni bora zaidi, kisha iendelee mpaka wiki ya 12. Hili si jambo la jana. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi saba, kwa akina mama waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hilo. Waliopewa foliki ya kutosha kabla ya kushika mimba nyingine, tatizo lilipungua kwa asilimia 72. Hao dozi yao ilikuwa miligramu 4, mara kumi ya kawaida. Kwa hiyo mama aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi asijinunulie tu dukani, aje tuongee.

KIJANA: Hapo nimekuelewa vizuri. Ni kama shamba. Udongo wetu wa Uasin Gishu una asidi. Unapima, unatia chokaa, ndipo Machi unapanda mbegu yako ya 614. Huwezi kuleta chokaa mahindi yakiwa yamefika magotini.

MWALIMU: Ngoja. Ngoja hapo hapo. Shamba ni nani?

KIJANA: Mwalimu, ni mfano tu.

MWALIMU: Mfano ndio unaotoboa moyo wa mtu. Shamba ni mke wako mtarajiwa, na wewe ni mbegu. Shamba ndilo linalopimwa, mbegu inatoka na cheti dukani. Hebu angalia foleni hii. Mnajadili tumbo la mtu asiyekuwepo! Yuko kwao, hajui kwamba Cheptiret nzima inamtafutia vidonge.

Mashine ilizimwa kidogo ili Fundi abadilishe chekeche, na sentensi hiyo ya mwisho ikasikika mpaka kituo cha bodaboda.

MWALIMU: Sipingi foliki. Ninachopinga ni jinsi neno hili linavyosafiri. Leo unasema "kuandaa mwili". Kesho mama mkwe anauliza, "Umeandaliwa?" Kesho kutwa kamati ya harusi inataka karatasi ya daktari. Tumeshaliona. Kuna mahali wachumba walikuwa wakiambiwa walete majibu ya Ukimwi ndipo watangazwe kanisani. Bunge la Kenya liliona hatari hiyo likaikataza: sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba mtu asilazimishwe kupimwa ili aruhusiwe kuoa au kuolewa. Na mtoto akizaliwa na mgongo wazi, nani atakayeulizwa alikula nini? Si wewe Kijana. Zamani waliita laana ya mama. Sasa tutaiita uzembe wa mama. Jina tu ndilo limebadilika.

KOGO: Hilo la laana ni kweli, mwanangu. Nimeona mama akirudishwa kwao na mtoto mgongoni.

Hapa niingilie kati, maana mwenye kupanga jukwaa naye ana kinywa. Kwa miaka nimeandika habari za afya nikimpa Mwalimu aya moja ya mwisho, ile ya "hata hivyo". Lilikuwa kosa. Hoja yake ndiyo inayoamua kama ya Sista itafika nyumbani kwa mtu au itafia langoni. Mwanamke anayejua kwamba kipimo kitatumiwa kumhukumu hatakuja kupimwa. Atakuja mwezi wa tano, kama kawaida.

SISTA: Mwalimu, nitakupa mfano unaokuunga mkono, kisha utaona kwamba unaniunga mkono mimi. Unaikumbuka dolutegravir?

MWALIMU: Dawa ya Ukimwi.

SISTA: Ndiyo. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuileta, mwaka 2017. Dawa nzuri: kidonge kimoja, inashusha virusi haraka, maudhi machache. Mei 2018 ikatoka habari kutoka Botswana. Kati ya wanawake 426 waliokuwa wakiitumia walipopata mimba, wanne walizaa watoto wenye tatizo lile lile la mfereji. Asilimia 0.9, wakati kawaida ni kama 0.1. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari. Huku kwetu wanawake wa umri wa kuzaa wakawekwa kando, wakabaki na dawa ya zamani.

MWALIMU: Hata wasiotaka kuzaa?

SISTA: Wengi wao, ndiyo. Wanaume wakaendelea nayo.

MWALIMU: Umeona!

SISTA: Nimeona, na wenyewe waliona. Julai mwaka huo huo wanawake wanaoishi na virusi, kutoka nchi mbalimbali za Afrika, walikutana Kigali wakasema: tupeni habari yote na njia za kupanga uzazi, tuchague wenyewe. Hesabu za Botswana zilipoendelea, tofauti ikazidi kupungua, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwemo. Leo hofu hiyo imekwisha. Lakini angalia: swali zima lilikuwa la wiki nne za kwanza. Hakuna kliniki ya wajawazito ambayo ingelijibu. Lilihitaji mwanamke na daktari wake wakae kabla.

MWALIMU: Wakae. Hapo sina ubishi. Mwanamke na daktari wake.

SISTA: Na dawa nyingine ndizo hatari kweli. Dada mwenye kifafa anayemeza sodiamu valproeti: ile inaharibu mtoto, na inaharibu mapema. Asiiache ghafla, maana degedege nayo inaua. Aje abadilishiwe kabla. Mwenye presha anayetumia enalapril vivyo hivyo. Mwenye kisukari: sukari ikiwa juu katika wiki zile za mwanzo, moyo wa mtoto unaumbika vibaya. Hao wote Hospitali ya Rufaa ya Moi iko hapo Eldoret, wanahudumiwa humo humo kila mwezi, wanachukua dawa, wanarudi nyumbani. Ni nani anayewauliza, "Una mpango wa mtoto mwaka huu?" Swali moja! Haligharimu chochote.

KOGO: Mimi mtaniacha na maneno ya hospitali. Tulizaa watoto wanane, tisa, bila vidonge. Mwili wa mwanamke uliandaliwa jikoni. Wimbi tulisaga kwa jiwe. Mboga za managu na saga, maharagwe, mursik, yale maziwa lala ya kibuyu. Huyu atakayeolewa anakula nini? Ugali mweupe na kabeji. Chipsi akienda Eldoret.

FUNDI: Kogo anasema kweli. Unga wangu huu ni safi, mahindi yako unayaona yakiingia na unga unauona ukitoka. Hauna kemikali kama ule wa pakiti.

SISTA: Fundi, hiyo "kemikali" ndiyo tunayoitafuta tangu asubuhi.

FUNDI: Vipi?

SISTA: Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti utiwe madini na vitamini: chuma, zinki, vitamini A, na foliki. Tazama ile nembo ya Kuboresha Afya kwenye pakiti. Sasa fikiria. Mtu wa Nairobi anakula mahindi yaliyotoka Cheptiret, na foliki ndani yake. Mtu wa Cheptiret aliyeyalima anayaleta hapa kwako, na unga wake hauna kitu. Unakoboa, kiini na maganda vinakwenda kwa ng'ombe, wanga unabaki kwa mama.

Foleni ilinyamaza. Nami nikiri kwamba hili ndilo lililonileta kuandika. Tumezoea kudhani kwamba kijijini ndiko penye chakula cha afya, na mjini ndiko penye upungufu. Kwa virutubisho vingi ni hivyo. Kwa foliki ya unga mambo yamegeuka, na waliogeukiwa ni wale wale wanaoilisha nchi.

FUNDI: Mimi nitafanya nini? Kinu changu kina injini moja na mkanda.

SISTA: Tanzania wamejaribu. Kuna shirika linaitwa Sanku linalofunga kifaa kidogo juu ya kinu kama hiki. Mahindi yakiingia, kinapima na kudondosha unga wa virutubisho. Ladha haibadiliki. Serikali zenyewe zimekwisha kukubaliana: Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuhimiza nchi zirutubishe vyakula ili kuzuia mgongo wazi. Tatizo ni kwamba azimio haliji na boda mpaka kinuni.

KOGO: Watu watakataa. Watasema wanatiliwa dawa ya kufunga uzazi.

SISTA: Wewe Kogo unakumbuka rovu?

KOGO: Ile ya shingoni? Sana. Shangazi yangu alikuwa nayo kama chungwa.

SISTA: Unaiona siku hizi?

KOGO: Mara chache mno.

SISTA: Ni chumvi. Tangu miaka ya 1970 chumvi ya Kenya inatiwa iodini. Iodini ikikosekana mimba ikiwa changa, ubongo wa mtoto unadumaa hata kama shingo ya mama haijavimba. Hakuna aliyekuuliza, hakuna mama mkwe aliyemkagua mtu, na hakuna bibi harusi aliyeaibishwa. Ilikuja tu na chumvi.

MWALIMU: Sasa hapo umenipata. Hayo ndiyo maandalizi ninayoyataka. Yawe kwenye unga, wale wote, mzee na mtoto, asinyooshewe mtu kidole.

SISTA: Lakini mpaka kifaa kije, Mwalimu, kidonge.

MWALIMU: Kidonge, ndiyo. Akipenda.

KOGO: Na managu yangu mmeyatupa wapi?

SISTA: Hayajatupwa, Kogo. Managu, saga, maharagwe, dengu, maini: vyote vina foliki. Ila foliki huyeyuka ndani ya maji. Managu tunayachemsha muda mrefu kwa sababu ya uchungu, kisha maji tunayamwaga. Tunamwaga kile tulichokitafuta. Yapikwe kwa muda mfupi, mchuzi uliwe. Hata hivyo kufikisha mikrogramu 400 kila siku kwa mboga peke yake ni kazi ngumu, hasa Januari na Februari kukiwa kavu. Na jambo la pili, ambalo hapa utanipinga: chai.

KOGO: Chai imefanya nini?

SISTA: Chai ya majani inanywewa na chakula, au mtu akimaliza tu kula. Inashika madini ya chuma tumboni, hayapiti kwenda kwenye damu. Maharagwe mazuri, managu mazuri, halafu kikombe kikubwa cha chai juu yake! Isogezwe saa moja kabla au saa moja baada. Mezani liwepo chungwa au nyanya, vinasaidia chuma kupita.

KOGO: Sikupingi hata kidogo. Sisi tulikunywa maziwa. Chai waliileta wazungu wa Nandi Hills.

KIJANA: Na kupima damu?

SISTA: Swali zuri, na lina siri ya huku juu. Tuko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mwili unatengeneza damu nzito zaidi. Waulize wakimbiaji wetu. Kwa hiyo kipimo cha hemoglobini cha 12, kinachomtosha mwanamke wa Mombasa, kwa mwanamke wa Cheptiret kinaweza kumaanisha upungufu. Kuna mabinti wanafika kliniki kila siku wakiambiwa damu iko sawa, nayo haiko sawa. Na kuna wale wa mazoezi, wanaokimbia kilomita nyingi na kula kidogo, hedhi inakoma miezi, wanafurahi kwamba hawasumbuliwi. Hedhi iliyokoma kwa njia hiyo ni mwili unaosema hauna akiba. Binti wa hivyo apate kwanza chakula, habari ya mimba itafuata.

Yapo mengine yaliyopita haraka foleni ikisonga, nayo nayapitisha haraka. Kwamba chanjo ya rubela iliingia Kenya mwaka 2016 kwa watoto wa chini ya miaka 15, hivyo bibi harusi aliyekuwa amevuka umri huo huenda hakuipata. Akichanjwa, angoje mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba. Kwamba aliyekuwa akitumia sindano ya miezi mitatu asihangaike mimba ikichelewa miezi mingi baada ya kuiacha. Uwezo wa kuzaa hurudi, tumbo halijaharibika. Kwamba aliyezaa apumzike miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Kwamba wachumba ambao koo zao zina seli mundu wapimwe wote wawili, kwa sababu wabebaji wawili wana uwezekano wa mmoja kati ya wanne, kwa kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Na kwamba maziwa mabichi yana brusela, ugonjwa unaoweza kuangusha mimba. Ya mursik yachemshwe kwanza ndipo yaingie kibuyuni, kama Kogo mwenyewe anavyofanya.

FUNDI: Na mimi niulize la kwangu. Kuna watu wananiletea mahindi yaliyoota ukungu. Mvua ya Novemba imewakuta shambani. Mazuri wanauza kwa debe, mabovu wanasaga wale. Yana neno?

SISTA: Yana neno kubwa. Aflatoksini mnaijua, redio imeisema. Kuna nyingine haisemwi, fumonisini. Mwaka 1991 huko Brownsville, mji wa Texas mpakani na Meksiko, madaktari waligutuka kwa watoto waliozaliwa bila fuvu kufuatana. Watu wa pale wanakula chapati za mahindi kila siku. Uchunguzi uliofuata uliihusisha sumu hiyo ya ukungu, ambayo inazuia seli zisiichukue foliki. Ushahidi wake haujafunga kila mlango, lakini mimi mtu wangu wa kike nisingempa ugali wa mahindi hayo.

KIJANA: Hata wa kiume?

SISTA: Nilikuwa nakungoja. Njoo tumalizane.

KOGO: Sasa ndiyo sababu nilikuja kinuni leo!

SISTA: Mbegu ya mwanamume haitoki dukani na cheti, Mwalimu alisema kweli. Inatengenezwa kwa siku kama 74. Mtoto wa Januari ameanza kutengenezwa kwako mwezi wa kumi. Sasa niambie: sigara?

KIJANA: Moja moja.

SISTA: Chang'aa?

KIJANA: Sista, kuna watu hapa.

SISTA: Mchumba wako tulimjadili mbele ya watu hao hao. Dawa ya magugu unapiga mwenyewe?

KIJANA: Mwenyewe. Pampu ya mgongoni.

SISTA: Glavu?

KIJANA: Mfuko wa nailoni.

SISTA: Nguo unavaa ile ile mpaka jioni, na anayeifua baada ya Desemba atakuwa nani? Basi. Glavu, buti, nguo ya kazi ifuliwe peke yake. Chang'aa na sigara, kuanzia leo. Kaswende na Ukimwi, mpimwe wote wawili kwa hiari yenu, na majibu ni yenu, si ya kamati. Presha yako hata leo: mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, tangu 2023 wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na anapita kwa pikipiki yako.

KIJANA: Ananidai nauli, au mimi ninamdai. Sikumbuki.

MWALIMU: Nimesimama foleni hii miaka sita na leo ndiyo mara ya kwanza nasikia mwanamume anaulizwa. Kwa hiyo natoa nusu ya pingamizi langu.

SISTA: Nusu nyingine?

MWALIMU: Naibakiza. Siku mama mkwe atakapoanza kuuliza, utanikumbuka.

KOGO: Mama mkwe ni mimi, mwanangu. Huyu ni mjukuu wangu.

Walicheka, na nadhani Kijana ndiye aliyecheka kwa shida zaidi.

Uamuzi wangu, kwa kuwa mjadala bila uamuzi ni kelele za mashine: Sista ameshinda kwa saa, Mwalimu ameshinda kwa mlango. Saa ni kweli; siku 28 hazimngoji mtu afike kliniki. Lakini mlango wa maandalizi hauwezi kuwa mwili wa bibi harusi peke yake, ukaguliwe na ukoo. Uwe unga wa kinu, jambo ambalo kaunti na Wizara ya Afya wanaweza kulifanya bila kumuuliza mtu swali la chumbani. Uwe swali moja kwa kila mgonjwa wa kifafa, wa presha, wa sukari na wa Ukimwi anayekuja kuchukua dawa. Na uwe wa watu wawili. Kogo namuunga mkono kwa wimbi, simuungi kwa watoto tisa bila vidonge, maana katika hesabu hiyo hawatajwi waliozikwa nyuma ya nyumba.

Zamu ya Kijana ilifika. Gunia lake lilipanda mizani, mahindi yakamiminwa, na hakukoboa. Alipokuwa akifunga unga kwenye pikipiki aliuliza tena, kwa sauti ya chini safari hii.

KIJANA: Sista, zahanati inafunguliwa saa ngapi?

SISTA: Saa mbili asubuhi, Jumatatu. Lakini usimlete.

KIJANA: Nisimlete?

SISTA: Mwulize. Akisema ndiyo, mje wawili.

Nawe msomaji, ukiwa umeshapanga tarehe, hesabu miezi mitatu kurudi nyuma kutoka mwezi mnaotaka kuanza kutafuta mtoto, uitie alama kwenye kalenda, kisha mwoneshe mwenzako.